Kidole cha Shaba

Digrii tatu chini ya sifuri, na Septemba haijaisha.
Ziwa la Kilpisjärvi limeanza kuganda kingoni
kama mafuta ya mchuzi uliosahaulika,
na hita ya gari la mama
haitaki.

Dada yangu Marjukka amelala kifudifudi sakafuni,
tochi mdomoni, bisibisi mkononi,
miguu imetokeza nje ya mlango.
Tangu Oulu hatujasemezana
ila "kata kushoto" na "nipe chumvi".
Sasa tunasema spana. Tunasema nati, wosha, msasa.
Maneno mazuri haya, hayana deni na mtu.

Kwanza tulilaumu mtungi.
Bi Tyyne wa karavani la pili, mwenye mbwa watatu,
aliugonga kwa ufunguo, akatega sikio:
"Butani hii. Baridi ikiigusa, inalala. Tafuteni propani."
Tukavuka mpaka hadi Norwei kuifuata.
Tukapaka povu la sabuni kila kiungo,
tukakodoa macho, tukingoja mapovu yatuseme.
Hayakutusema.

Kisha cheche.
Betri ilikuwa imevuja tangu enzi za marka,
chumvi ya kijani imeota miguuni pake.
Nikaikwangua kwa kisu cha siagi.
Tak, tak: cheche ikaruka, nyembamba, ya buluu,
lakini mwali hakutoka.

Mwali. Kama lilivyo jina, kajifungia ndani.

Marjukka akafungua kichomeo, akatoa kile kijitundu cha gesi,
akakiinua kwenye mwanga wa dirisha
na kucheka, mara ya kwanza tangu tuuze nyumba:
utando mweupe, umefumwa kwa ustadi,
na mwenyewe kajikunja katikati, mkavu kama mbegu ya nyanya.
Kumbe mwali wetu kavishwa buibui!
Tulipuliza tu. Tundu kama hilo halichokonolewi;
likipanuka, moto hutapika masizi.

Akawaka. Mdogo, wa buluu, mwenye haya.
Nikaachia kitufe, akafa.
Nikabonyeza, akawaka. Nikaachia, akafa.
Mara saba. Ya nane nilitukana.

Humo ndani mna kidole cha shaba, na kazi yake ni moja:
kuota moto, kisha kuiambia vali kwamba moto upo kweli.
Kisipoamini, gesi hufungwa.
Sheria nzuri hiyo. Ndiyo iliyotuamsha hai kila asubuhi
utotoni, tulipolala wanne humu tumepangana kama vijiko.
Lakini hiki kimepinda.
Moto unawaka hapa, chenyewe kinatazama kule,
kinaganda kando ya moto na kuapa kwamba haupo.

Sikumtazama dada. Naye alikuwa anatafuta koleo,
koleo alilokuwa amelishika.

Nyuma ya kifuniko, kwa penseli,
mwandiko wa mama kabla mkono haujaanza kutetemeka:
HESABU MPAKA THELATHINI. USIACHIE MAPEMA.
PÄIVI, HASA WEWE.

Marjukka akakisogeza kidole, upana wa punje ya mchele.
Nikabonyeza. Akahesabu yeye, polepole mno,
kwa sauti ile ya kuniudhi ya mchezo wa kujificha.
Kwenye ishirini na sita gumba langu lilianza kufa ganzi.
"Bado," akasema, akaweka lake juu ya langu.
Thelathini. Thelathini na moja.
Tukafika arobaini, kwa usalama,
tukaachia.

Bati likaanza kutanuka, tek, tek.
Vumbi la miaka likaungua na kunuka kama nywele.
Nikatoka nje kwa soksi kuigusa dohani: vuguvugu.

Simu ilitetemeka mezani. Yule mnunuzi wa Tromsø,
atauliza tena kama hita inafanya kazi.
Tuliitazama ikijizungusha kama mende aliyepinduka
hadi ikanyamaza.
"Tutamjibu kesho," Marjukka akasema,
akafungua dirisha upana wa kidole, kama mama,
akavua soksi moja.